Magoti ya Mwanangu na Bahari ya Ukutani

Kwanza ilikuwa nyundo. Au kwanza alikuwa mtoto, ndipo nyundo ikafuata. Sikumbuki sawasawa, maana tangu ukuta ulipotobolewa siku za nyumba hii hazikai kwenye mstari. Zinapishana mlangoni kama wageni wa harusi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimekaa kitandani nikimnyonyesha, na upande wa pili mume wangu Faki alikuwa anapiga. Kila pigo lilipotua mwanangu aliliachia ziwa, akasikiliza, akalirudia. Vumbi la chokaa likatuangukia. Nikamfunika uso kwa ncha ya kanga, nikamwambia, "Nyonya, baba yako anakuletea bahari." Kisha jiwe likachomoka, na kwenye tundu nikaona jicho. Jekundu, limejaa vumbi, linatutazama kutoka sebuleni.

"Mnaniona?" likauliza jicho.

"Tunakuona."

"Mimi nawaona nusu."

Akacheka, akaendelea kupiga. Mimi sikucheka. Tangu hapo swali moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: mtu ni mtu kwa sababu ameonekana? Na kama aliyemwona amemwona nusu, ile nusu nyingine iko wapi, inalala kwa nani?

Katika mji wetu mtoto hapewi jina mpaka bahari imwone. Zamani halikuwa jambo la kuogopesha. Bahari ilikuwa mwisho wa kila kichochoro. Mama akishatoka arobaini alishuka na mwanawe na shangazi wa mtoto, wimbi likamlamba nyayo, mtoto akalia, wakarudi nyumbani na jina, chai haijapoa. Halafu ukaja Wigo. Hakuna anayejua ulijengwa lini. Wapo wanaosema uliota. Watu waliamka wakaukuta umesimama kati yao na maji, mrefu, umepakwa chokaa safi, na nyuma yake bahari inasikika kama mtu anayeongea chumba cha pili. Wenye Wigo waliichukua bahari, sheria wakatuachia. Tena wakaongeza ya kwao: mtoto akisimama kwa miguu yake kabla hajaonekana na bahari, huyo si wa nyumba tena, ni wa Wigo. Huja wakamchukua. Hawampigi, hawamnyimi chakula, ndivyo wanavyosema. Humlea humo ndani. Na mama yake hawezi hata kwenda kumwulizia getini, kwa sababu hana jina la kuulizia. Atasema nini? Namtaka mwanangu? Kila anayefika pale getini anamtaka mwanawe.

Ndipo watu wakajifunza kujenga bahari ukutani. Si mezani, ya mezani ni maji ya kuchezea. Bahari lazima iwe na ng'ambo. Lazima mmoja akae huku na mwingine kule, na kati yao maji. Wenye Wigo walipopata habari hawakukataza. Walimtuma Mpimaji. Yeye ndiye anayepita nyumba hadi nyumba na kusema: hii ni bahari, mwonyesheni mtoto. Au: hii si bahari bado.

Kwa hiyo mji wetu ni mji wa watoto wanaotambaa. Mgeni akija huona watoto wenye meno kamili, wenye maneno mdomoni, wanatambaa uani kama kaa, wana sugu magotini. Mama zao wamewafunga viuno kwa kanga, na ncha ya kanga imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Hakuna anayesema ni ukatili. Wanasema, "Namtunza."

Nami jina langu, lile la kwangu mwenyewe, lilinitoka nilipojifungua, kama linavyowatoka wanawake wote hapa. Ukizaa unaitwa kwa mwanao. Mwanangu hana jina. Basi naitwa Mama Nani. "Mama Nani, hujambo?" "Sijambo." Wanawake wengi wa mtaa huu ni Mama Nani. Akiitwa mmoja kisimani, tunageuka sote.

*

Ukuta alioutoboa Faki ndio unaobeba dari. Alijua. Akaweka linta ya chuma juu ya tundu, akaweka na mti wa kuegemeza, akawa anausikiliza kwa kuugonga na kiungo cha kidole. Dada yake mkubwa, wifi yangu Riziki, alisimama katikati ya sebule mikono kiunoni.

"Faki we, umetoboa ukuta wa marehemu baba ili uweke dimbwi?"

"Si dimbwi, dada."

"Basi ni nini? Mimi naona tundu. Dari ikinishukia nitakuja kukusumbua kaburini."

"Ikikushukia wewe, wewe ndiye utakuwa kaburini."

"Ndiyo nakwambia, nitakutokea!"

Walicheka wote wawili, halafu dari ikatoa mlio mdogo, wakanyamaza wote wawili.

Vioo vikaja, vizito, vinene kama mkate. Faki akavigandisha kwa silikoni, akapitisha kidole kwenye kila pembe, akarudia, akatuzuia tusipumue karibu. Akatia maji, akatia chumvi, akawasha pampu. Maji yakaanza kuzunguka. Juu akaweka taa, na tangu siku hiyo alfajiri ya nyumba yetu ikawa swichi. Akiwasha, kunakucha. Akisahau, tunakunywa chai ya asubuhi hatujui kama ni asubuhi.

Nilidhani tumemaliza. Nilimbeba mtoto nikamsogeza kwenye kioo.

"Bado," akasema Faki. "Haya ni maji tu. Hayajajua kwamba ni bahari."

"Yatajuaje?"

"Lazima yaoze kwanza."

Akachukua kamba mmoja wa kitoweo, mbichi, akamdondosha ndani, akamwacha aoze. Ndivyo inavyofanyika. Maji safi hayabebi uhai; uhai huingia kwa mlango wa uozo. Tukakaa na harufu. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi, kioo kikavaa utando wa kahawia. Nikilala upande wangu wa ukuta na mtoto kifuani, naona ule weupe unapumua. Nikawaza: na mimi nilipokuwa nimembeba mwanangu tumboni, palikuwa na wakati ambapo hakuwa mtu bado? Nani alimpima? Nani alikuja akaweka sikio kwenye ngozi yangu akasema, tayari, sasa ni yeye?

Wakati huo mwanangu alikuwa anakaa bila kushikwa. Kisha akaanza kutambaa. Maji yalikuwa bado meupe.

*

Bahari haianzi yenyewe. Inaambukizwa. Nyumba ambayo bahari yake imekubaliwa humega kipande cha mwamba wake, jiwe lenye tundutundu na vijidudu na mwani, ikaipa nyumba inayofuata. Jiwe hilo linaitwa jiwe hai. Hubebwa na mama wa mtoto, mbichi, limefungwa kwenye kitambaa cha maji, na anayelibeba hamjibu mtu njiani. Hata akisalimiwa. Wanasema ukifungua mdomo jiwe linakauka. Mimi nadhani sababu ni nyingine: ukishaanza kusalimiana mji huu, hufiki.

Jirani yetu, ambaye bado namwita Mwanakheri kama tulivyoitana utotoni, ndiye aliyetupa. Mwanawe alionekana na bahari, ana jina, anakimbia. Mwanakheri alitia mkono kwenye maji yake mpaka begani akatoa jiwe lenye rangi ya waridi.

"Unaona wekundu huu?" akaniambia. "Mawe yakikubali kukaa huona haya. Huja yakawa hivi, kama shavu. Mpimaji anatafuta hii. Ukiiona kwako, umepona."

"Inachukua muda gani?"

Akamtazama mwanangu mgongoni mwangu, akazishika nyayo zake ndogo, akazisukuma taratibu. Nyayo zikamsukuma na yeye. Uso wa Mwanakheri ukabadilika.

"Nenda," akasema. "Usisimame na mtu."

Nikaenda. Maji ya kitambaa yakinichirizika mikononi, mtoto mgongoni, na vichochoro vyote siku hiyo vimejaa watu.

"Mama Nani, salama?"

Kimya.

"Mama Nani, umekuwa bubu? Au ni maringo?"

"Muache, kabeba."

"Kabeba nini?"

"Huoni anavyotembea? Kabeba jiwe."

Wakanipisha. Na mgongoni, ndani ya kanga, nilisikia miguu ya mwanangu inajinyoosha, inajikaza, inatafuta kitu cha kukanyaga. Ikanikanyaga mimi. Nilitamani jiwe liwe zito zaidi na yeye awe mwepesi. Mbele yangu Wigo, nyuma yake sauti ya ile bahari kubwa inayozungumza peke yake. Nikawaza, na wewe je? Nani alikuona ukapewa jina?

Faki alilipokea jiwe akaliweka katikati ya maji kama mtu anayelaza mgonjwa. Akaongeza mawe makavu pembeni yake ili yaambukizwe. Tukasubiri.

*

Sasa nitasema kuhusu mikono yangu.

Hii ya kulia ilijifunza kukaa juu ya goti lake la kulia. Hii ya kushoto, la kushoto. Akijikaza, nakandamiza. Kwa upole, kila mara kwa upole, na wimbo juu yake. Mtu angepita dirishani angeona mama anacheza na mwanawe. Angesema, mashallah.

Wifi Riziki alikuja kutoka uani siku moja ameshika mwiko, hana rangi usoni.

"Wifi. Kashika stuli ya jikoni kajivuta."

"Alisimama?"

"Nusu."

"Nusu vipi?"

"Makalio yalitoka chini, magoti yalikuwa bado yamekunjika. Nikamkalisha. Hakuna aliyeona, hata jua lilikuwa limejificha."

"Nusu si kusimama," akasema Faki kutoka kwenye ukuta wake, hakugeuka. Alikuwa anatazama mawe. Siku zile alikuwa anayatazama kama daktari, anayamulika kwa taa ya mkononi. "Nusu si kusimama. Eh? Nusu si kitu."

Nikatoa stuli zote. Nikatoa meza ndogo, kapu la nguo, ndoo. Nyumba ikabaki sakafu tupu, ili mwanangu asipate cha kushika. Alitambaa katikati ya utupu ule akitafuta, akiinua mkono hewani, akiushusha. Kisha akanijia mimi. Nilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki kimesimama. Nikakaa chini.

Mara nyingine, taa ikiwa imewashwa upande wa sebule na mimi niko upande wa chumbani, nilikuwa naona watu katika kioo ambao hawakuwamo nyumbani. Mwanamke amempakata mtoto, amemshika magoti: nikadhani ni mimi. Lakini kanga haikuwa yangu, na mtoto ndiye aliyekuwa na macho yangu. Basi yule mwanamke alikuwa mama yangu, na magoti yale yalikuwa ya kwangu. Nikahisi uzito wake hapa, hapa hasa, kama vile mikono yake haijawahi kuondoka. Maji yakatikisika. Akaja mwanamke mwingine, mwanangu aliyekwisha kuwa mtu mzima, mrefu, amekaa chini ng'ambo ya mawe, ananitazama bila chuki.

"Miguu yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Unayo. Iko hapo chini yako."

"Najua iko hapa. Nauliza iko wapi."

Nikamwambia ilikuwa kwa ajili yako. Nikamwambia ningekupoteza. Nikamwambia getini wangeniuliza jina. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. Kisha pampu ikavuta, akapita ndani ya mpira wa maji, akaisha.

*

Mawe yaliona haya. Niliona mimi kwanza: doa, dogo kama kucha, kwenye jiwe lililokuwa kavu. Waridi. Nikapiga ukelele, Faki akaja mbio na povu la sabuni usoni, akaweka paji la uso kwenye kioo akakaa hivyo hivyo mpaka povu likakauka. Doa likawa madoa. Utando laini wa kijani ukafunika mawe mengine, konokono wadogo kama punje za mchele wakatokea kusikojulikana, na katika tundu la jiwe la Mwanakheri kitu kama ua kikafunguka, kikafunga, kikafunguka.

Habari zikamfikia Mpimaji. Akatuma salamu kwamba kesho baada ya adhuhuri atakuja.

Nikalala kwa mara ya kwanza. Nililala mchana, mtoto chini ya kwapa langu, na niliposikia maji yanamwagika nikadhani ni ndoto njema.

Wifi Riziki alikuwa anasafisha nyumba. Mgeni anakuja: alifagia, akapiga deki, akafua mapazia, akachoma udi. Kisha akatazama ukuta akaona mawe. Yana utando, yana ulimi wa kijani, yana madoa. Akavua bangili, akatia mkono, akayatoa moja moja akayaweka kwenye beseni. Akayasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Akayasuuza kwa maji ya bomba, akayarudisha mahali pake, kila moja kwa mpangilio wake, kwa sababu ni mtu wa mpangilio.

Nilipotoka chumbani mawe yalikuwa meupe kama meno.

Faki alikuwa ameketi sakafuni. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

"Mgeni anakuja," alikuwa anasema Riziki. "Mgeni anakuja, Faki, nikaona yana utando. Ningekaaje na utando ndani ya nyumba ya watu?"

"Ule utando, dada."

"Ulikuwa mchafu."

"Ule utando ndio bahari yenyewe."

Riziki akaitazama mikono yake. Ilikuwa inanukia sabuni. Akaiweka nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa, akaanza kulia kwa sauti nyembamba, na mwanangu, aliyekuwa kifuani mwangu, akamnyooshea mkono. Maji yakaanza kuwa meupe tena. Lile ua kwenye jiwe la Mwanakheri halikufunguka.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu."

Mpimaji alivua viatu mlangoni. Nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa. Alikuwa mtu wa kawaida, ana mafua, soksi moja imetoboka kidoleni, na mkononi ana mrija mrefu wa kioo. Alikataa chai kwa heshima, kisha akakubali. Akainywa yote akiwa amesimama.

Akautumbukiza mrija, akatoa tone, akaliweka ulimini. Akatia sikio kwenye kioo. Akainama akatazama mawe kwa muda, na tulitazama shingo yake ikitazama mawe.

"Haya yameoshwa," akasema.

"Niliyaosha mimi, Bwana Mpimaji," akasema Riziki. "Ilikuwa kwa ajili yako."

"Yangu mimi?"

"Si wewe ndiye mgeni?"

Akamgeukia. Kitu kikapita usoni mwake, karibu kicheko.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunioshea jiwe," akasema. Kisha akafuta mrija kwa leso. "Hii si bahari. Ni maji ya chumvi. Anzeni upya, nitarudi. Mtoto yuko wapi?"

Alikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mikono yangu iko mahali pake.

"Anasimama?"

"Bado," akasema Faki.

"Sikukuuliza wewe."

Chini ya viganja vyangu magoti yalikuwa yanasukuma. Si kwa mchezo. Alikuwa anasukuma kwa nguvu zake zote, amekunja uso, jasho limemtoka puani, kama alivyosukuma siku alipotoka kwangu. Siku ile nilisaidia. Walinishika mabega wakaniambia sukuma, nikasukuma, kwa sababu nilitaka atoke, aje, awe. Na sasa nimekaa hapa ninamrudisha. Kuanza upya, anasema. Kamba mwingine aoze, jiwe lingine lianze kuona haya, na mikono yangu ikae hapa mpaka magoti yake yasahau yalichokuwa yanataka. Wigo una chokaa na urefu na geti, lakini mwanangu hajawahi kuuona. Yeye Wigo anaoujua una vidole kumi na unanuka maziwa.

Nikainua mikono.

Hakuna kilichotokea. Kwa pumzi moja alibaki pale pale, kama ndege ambaye hajasikia kwamba tundu liko wazi. Kisha akateremka mapajani, akatambaa mpaka ukutani. Pale chini ya kioo kuna ukingo wa mbao. Akaushika. Akajivuta. Makalio yakatoka chini, magoti yakatetemeka, yakanyooka.

Riziki alijifunika mdomo. Mpimaji, ambaye macho yake yalikuwa hapo hapo, akageuza uso haraka akatazama mlango.

"Mkalishe," akasema kwa sauti ya chini.

Sikusogea.

"Mama, mkalishe. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu."

"Wifi, hujasikia?" Riziki alinivuta bega. "Anakupa nafasi! Mkalishe! Mkalishe, nakuomba!"

Faki aliniangalia. Mtu aliyetoboa ukuta wa baba yake, aliyekaa na uozo, aliyewasha alfajiri kwa mkono wake kila siku. Nilijua anachotaka kuniambia, na niliona anavyoshindwa kukisema mbele ya ile miguu midogo miwili iliyokanyaga sakafu yake.

Nikanyanyuka. Wakadhani naenda kumkalisha. Nikampita. Nikazunguka, nikaingia chumbani, nikapiga magoti upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo ingekuwa bahari ikitazama.

Na nikamwona. Kupitia maji meupe, kupitia mawe yaliyooshwa, nikamwona mwanangu mzima, kutoka utosini hadi vidoleni, amesimama. Hakuwa nusu. Alikuwa ameubandika uso wake wote kwenye kioo kunitafuta; pua imebonyea, na yale mashavu yake, ambayo tangu azaliwe kila mtu huyashika, yamebandikwa huku na huku kama maandazi mawili. Sikuwa nimewaza jina lolote. Nilikuwa nimewazia majina ya bahari, makubwa, yenye mawimbi. Lililokuja ni hilo lililokuwa mbele yangu.

"Mashavu!" nikaita.

Akacheka. Kioo kikawa ukungu. Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili, akageuka kunitafuta mlangoni ilikotoka sauti. Nikasikia nyayo. Sikuziona; ukuta ulikuwa kati. Hatua moja, kimya kirefu, nyingine, kishindo cha makalio, ukelele wa Riziki, na kisha nyayo tena. Akatokea mlangoni mwa chumba mikono iko juu, amelewa kwa kusimama, akaniangukia shingoni.

Nikamnyanyua nikarudi naye sebuleni.

"Nani kampa jina?" akauliza Mpimaji.

"Mimi."

"Bahari haijamwona."

"Mimi nimemwona."

"Haitoshi."

"Nimemwona nikiwa pale pale ambapo yenyewe ingekaa. Haikuwepo. Nikakaa mimi."

"Mashavu," Riziki akasema, taratibu, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Mashavu! Wala hujakosea. Mama Mashavu we, umetumaliza leo. Watatumaliza, lakini umetumaliza wewe kwanza!"

Mpimaji akavaa kiatu kimoja, akakivua, akakivaa tena. "Mnajua nitalazimika kwenda kusema," akasema. Hakuwa ananitisha. Alikuwa anatuomba kitu, nadhani hata yeye hakujua ni nini.

"Kaseme," akajibu Faki. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu mtoto asimame. Alikuwa amekwenda kusimama kando ya mlango, si kumzuia mtu, kusimama tu. "Utasema nani kasimama?"

"Nitasema mtoto wa nyumba hii."

"Hapa mtaani watoto wa nyumba ni wengi, Bwana. Watakuuliza yupi. Ukitaja jina, umekiri kwamba ameonekana."

Mpimaji alimtazama mwanangu, na mwanangu akamtazama yeye, bila haya, kidole mdomoni.

Akatoka.

Najua Wenye Wigo wanakaa mbali kiasi gani, na najua si mbali. Nilimkaza mtoto, kisha nikajikumbusha nikalegeza, nikamweka chini kwa miguu yake, nikamshika kidole kimoja tu. Tukasikiliza. Viatu vya Mpimaji vilikuwa vinateremka kichochoroni, vinakwenda polepole kuliko alivyokuja, vikasimama. Kwenye ukimya ule nikamsikia akilijaribu kwa sauti ndogo, kama mtu anayepima kama daraja litambeba. Ma-sha-vu. Akanyamaza. Akalirudia, safari hii zima zima.

Dirisha la nyumba ya pembeni likafunguliwa, na sauti ya mwanamke, mmoja wa wale Mama Nani, ikauliza kutoka juu:

"Nani huyo amesimama?"

Na yeye, kabla hajajizuia, akamjibu kwa lile jina.